Mifupa nayo ina dirisha lake la usajili

Mpira, dagaa na jua la Mwanza ni silaha tatu dhidi ya ugonjwa unaokula mifupa kimyakimya. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeziacha benchi.

Mwanza. Kata ya Kirumba, wilayani Ilemela, ina vitu viwili ambavyo karibu kila mpenda soka wa Kanda ya Ziwa anavijua. Cha kwanza ni Uwanja wa CCM Kirumba, nyumbani kwa Pamba Jiji, 'TP Lindanda', timu iliyowasubirisha watu wake miaka 23 kabla ya kurejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Cha pili ni soko la Mwaloni, ambako magunia ya dagaa hupakiwa kwenye malori kwenda mikoani na nchi jirani kama Kongo, Rwanda na Burundi.

Mpira na dagaa. Kwa mtu anayetaka kuzeeka akiwa amesimama wima, hivyo viwili ni sehemu kubwa ya dawa anayoihitaji. Ukiongeza jua, ambalo Mwanza halijawahi kuwa bidhaa adimu, dozi imekaribia kukamilika.

Lakini pembezoni mwa ziwa hilihili bado kuna bibi anayejikwaa kwenye kizingiti cha mlango, anavunjika nyonga na hasimami tena. Kuna mzee aliyekuwa beki kisiki enzi zake, leo mgongo umepinda na kimo kimepungua, na familia inasema ni uzee tu. Mara nyingi siyo uzee tu. Ni ugonjwa, una jina, na unazuilika kwa kiasi kikubwa ukianza mapema.

Ugonjwa usiopiga kelele

Kitaalamu unaitwa osteoporosisi. Kwa lugha ya kawaida ni kudhoofika kwa mifupa. Mfupa unapoteza madini yake, matundu ya ndani yanaongezeka, kuta zake zinakuwa nyembamba, na mwisho unabaki kama muhogo uliotobolewa na wadudu: kwa nje mzima, ndani hamna kitu.

Mgonjwa hana homa, hana uvimbe, hana maumivu. Anakwenda sokoni, anapanda daladala, anashangilia bao kama kawaida. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Magoti yanayouma asubuhi na vidole vinavyovimba ni matatizo ya viungo, na hayo ni mambo mengine. Mfupa unaodhoofika hauumi mpaka siku unapovunjika.

Na huvunjika kwa sababu ndogo. Mtu anateleza bafuni. Anakanyaga jiwe vibaya. Wengine huinua ndoo ya maji tu na pingili ya mgongo inabonyea. Mfupa wenye afya wa mtu mzima haupaswi kuvunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama. Ukivunjika hivyo, hasa kwa aliyevuka miaka 50, usiseme ni bahati mbaya ukaishia hapo. Mfupa umeshatoa taarifa.

Sehemu zinazovunjika zaidi ni tatu: kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na nyonga. Nyonga ndiyo mbaya kuliko zote. Tafiti za nchi zenye hospitali nzuri na za kutosha zinaonyesha kwamba takriban mzee mmoja kati ya watano hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga, na wengi wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani. Mahali ambapo upasuaji unachelewa au familia inabaki kumlaza mgonjwa nyumbani akiungwa kienyeji, hali haiwezi kuwa bora kuliko hiyo. Mzee anayelala muda mrefu anapata vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni. Mfupa ndio uliovunjika, lakini kinachomuua ni kitanda.

Taasisi ya Kimataifa ya Osteoporosisi (IOF) inakadiria kwamba duniani, mwanamke mmoja kati ya watatu waliovuka miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu ya ugonjwa huu. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano.

Hiyo namba ya wanaume ndiyo inayopuuzwa vijiweni, kwa sababu jamaa wengi wanaamini huo ni ugonjwa wa akina mama. Chukua timu ya maveterani, panga kikosi cha kwanza cha watu 11 wenye miaka zaidi ya 50. Kwa makadirio hayo, wawili kati yao watavunjika mfupa kabla filimbi ya mwisho ya maisha haijapulizwa.

Dirisha linafungwa mapema

Watu wengi wanaudhani mfupa ni kama jiwe, ukishaota umeota. Sivyo. Mfupa ni kitu hai, na ndani yake kuna mechi isiyoisha kati ya timu mbili za chembe hai. Moja inabomoa mfupa uliochakaa, nyingine inajenga mpya.

Utotoni na ujanani, wajenzi wanaongoza kwa mabao mengi. Mifupa inarefuka, inanenepa na kuweka akiba ya madini. Kufikia miaka 18 kwa msichana na 20 kwa mvulana, takriban asilimia 90 ya akiba yote ya mifupa imeshawekwa. Miaka michache inayofuata inamalizia kilichobaki. Ukikaribia miaka 30, mechi inakuwa sare. Baada ya hapo wabomoaji wanaanza kuongoza, taratibu, bao moja moja.

Kwa lugha ya mpira, dirisha la usajili la mifupa linafunguliwa siku unapozaliwa na linafungwa ukikaribia miaka 30. Kikosi ulichosajili mpaka hapo ndicho utakachochezea hadi uzeeni. Baadaye unaweza kukilinda kisiumie na kukiongezea nguvu kidogo, lakini kusajili upya ni vigumu mno.

Ndiyo maana wataalamu wanasema vita ya ugonjwa huu haianzi kwenye wodi ya wazee. Inaanza kwenye uwanja wa shule ya msingi. IOF inatumia makadirio kwamba mtu akiongeza akiba ya mifupa yake ya ujanani kwa asilimia 10 tu, anaweza kuuchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka 13. Mama anayempa mwanawe wa miaka tisa uji wa ulezi na kumwacha akimbize mpira jioni anamtengenezea nyonga ya miaka 70.

Kwa wanawake kuna kipindi kimoja cha hatari zaidi. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni iliyokuwa inawazuia wabomoaji inashuka ghafla. Ni kama timu kupoteza mabeki wote wa kati kwa siku moja. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo. Aliyeingia kipindi hicho na akiba kubwa, anavuka. Aliyeingia na akiba ndogo, hapo ndipo mifupa inapoanza kuvunjika.

Chandimu ni dawa

Mfupa unajenga pale unapogongwa. Kila mguu unapotua chini kwa kishindo, chembe za mfupa zinasikia mshtuko na kutoa amri: ongeza nguvu hapa. Usipogongwa, mwili unaona hakuna haja ya kuutunza.

Ushahidi ni mwingi. Mwaka 1977 watafiti walichapisha vipimo vya wachezaji wa kulipwa wa tenisi, na wakakuta ukuta wa mfupa wa mkono wa juu, ule unaoshika raketi, ni mnene kwa zaidi ya theluthi moja kwa wanaume kuliko wa mkono mwingine. Mtu yuleyule, chakula kilekile, mkono mmoja ndio uliofanya kazi. Upande wa pili wapo wanaanga. Huko angani hakuna uzito wala kishindo, na hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Soka ni miongoni mwa michezo bora kwa kazi hii. Mchezaji anakimbia, anasimama ghafla, anageuka, anaruka kupiga kichwa, anatua. Mfupa haujui kishindo kinachofuata kitatoka upande gani, na hali hiyo ndiyo inayoufanya ujijenge pande zote. Kwa hiyo mtoto anayecheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba pale Mabatini au Igogo anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani mzazi anayemfokea kwa kuchafua nguo. Msichana anayeruka kamba, anayecheza rede au netiboli naye yumo humohumo.

Hapa wakazi wa ziwani wana jambo moja la kujifunza. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo na mapafu, lakini maji yanakubeba. Mfupa hausikii uzito. Mtoto wa mwaloni anayeogelea kutwa anahitaji pia kukimbia nchi kavu.

Vipi kwa wazee? Mwaka 2014 watafiti wa Denmark, akiwamo Peter Krustrup ambaye amefanya kazi ya miaka mingi kuhusu soka na afya, walichapisha matokeo ya wanaume wa miaka 65 hadi 75 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Waligawanywa makundi, na kundi moja likapewa mpira: mechi ndogo za kujifurahisha mara mbili au tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka, mfupa wa nyonga wa waliocheza ulikuwa umeongezeka uzito. Utafiti ulikuwa mdogo, jumla yao 26 tu, lakini ulionyesha kwamba hata baada ya dirisha kufungwa, mfupa bado unasikia ukigongwa.

Kwa hiyo lile bonanza la maveterani la Jumamosi asubuhi, ambalo vijana wanalicheka kwa sababu wazee wanapasiana kwa mwendo wa kobe, si la kuchekwa. Lina faida kuliko nyama choma inayofuata baada yake.

Shabiki wa kibanda umiza

Sasa tuje kwa yule asiyecheza. Siku ya Jumamosi anaingia kibanda umiza mapema mchana kuangalia Ligi Kuu ya England. Anatoka usiku mechi ya mwisho imeisha. Katikati hapo amekula chips mayai, amekunywa soda mbili, na kama siku ilikuwa ya derby, bia kadhaa za kusherehekea au za kujiliwaza. Jua hakuliona. Hatua alizotembea ni za kwenda chooni na kurudi.

Mfupa wake umefungwa mabao matatu siku hiyo. La kwanza ni kukaa. La pili ni chakula kisicho na kalsiamu ya maana, kwa sababu soda na chips vimechukua nafasi ya maziwa na dagaa. La tatu ni pombe kupita kiasi, ambayo inavuruga chembe zinazojenga mfupa na pia inamuangusha mtu njiani akirudi nyumbani. Akiwa anavuta sigara, limeongezeka la nne. Sigara inapunguza uzito wa mfupa na inachelewesha uliovunjika kuunga.

Hakuna anayesema usiangalie mpira. Lakini dakika 15 za mapumziko zinatosha kutoka nje, kutembea, kupanda na kushuka ngazi. Na mtu mwenye kelele za kocha kuanzia dakika ya kwanza hadi ya 90 anaweza mara mbili kwa wiki kuvaa viatu akaonyesha anachokijua.

Wasichana wa dimbani wasiachwe na njaa

Mwanza ina historia yake katika soka la wanawake, na Alliance Girls wamelipeleka jina la jiji hili Ligi Kuu ya Wanawake. Kwa wasichana hawa mpira ni faida tupu kwa mifupa, ila kuna mtego mmoja ambao makocha na wazazi wanapaswa kuujua.

Mchezaji anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo, iwe kwa umaskini, kwa ratiba mbaya au kwa kutaka kupungua, mwili wake unaanza kubana matumizi. Kitu cha kwanza kukatwa ni hedhi. Hedhi ikikatika, estrojeni imeshuka, na binti wa miaka 17 anaanza kupoteza mfupa kama mama wa miaka 52. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilitoa tamko rasmi kuhusu hali hiyo ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na ikaonya kwamba huwapata wanaume pia.

Dalili yake uwanjani ni mipasuko midogo ya mifupa ya unyayo na ya mguu chini ya goti, inayojirudia bila kugongwa na mtu. Kwa hiyo kocha asifurahi akisikia mchezaji wake hapati siku zake miezi mitatu mfululizo, akidhani ni ishara ya kufanya mazoezi vizuri. Huyo apelekwe kwa daktari, na sahani yake iongezwe.

Samaki mdogo kuliko wote

Kalsiamu ndiyo tofali la mfupa. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300, kwa sababu yuko kwenye msimu wa usajili. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji 1,200. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 inampa takriban 300.

Kanda ya Ziwa inajivunia sangara na sato. Ni samaki wazuri kwa protini, lakini kalsiamu yao imebaki kwenye mifupa inayotupwa pembeni ya sahani. Mnofu una kidogo sana. Anayebeba kalsiamu mpaka tumboni kwako ni dagaa, kwa sababu unamla mzima na miiba yake. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya wanamwita omena na Waganda mukene, ni miongoni mwa vyakula vyenye kalsiamu nyingi kuliko karibu chochote kingine kinachouzwa kwa bei yake. Kiganja cha dagaa wakavu mezani kila siku kinafanya kazi ambayo mnofu wa sangara hauwezi kuifanya.

Lakini dagaa ana tatizo la heshima. Wengi wanamuona chakula cha bwenini au cha mwisho wa mwezi. Mgeni akija anachinjiwa kuku. Na sehemu kubwa ya dagaa wanaovuliwa humu ziwani inaishia kwenye vyakula vya mifugo. Mfugaji anajua kwamba kuku wa mayai akikosa kalsiamu atataga yai lenye ganda laini, kwa hiyo hafanyi mzaha na chakula chake. Kuku anahesabiwa lishe yake, mtoto wa nyumba hiyohiyo anakula ugali kwa mchuzi.

Ukinunua dagaa, chagua waliokaushwa kwenye chanja au juu ya nyavu, siyo waliolazwa mchangani. Osha vizuri, kaanga au pika na nyanya na karanga, na usizidishe chumvi, kwani chumvi nyingi inasukuma kalsiamu itoke na mkojo. Kwa mtoto mdogo, wasage wawe unga laini na uchanganye kijiko kwenye uji.

Asiyekula dagaa ana njia nyingine. Msukuma na ng'ombe hawatenganishwi, na maziwa mgando yana kalsiamu ileile ya maziwa mabichi. Ulezi, unaopikwa uji na ugali toka Mara hadi Kagera, unaongoza kwa kalsiamu miongoni mwa nafaka. Sukuma wiki inatoa kalsiamu ambayo mwili unaipokea kirahisi. Mchicha nao ni mzuri kwa mambo mengine, ila una oksaleti inayoishikilia kalsiamu yake, hivyo usiutegemee peke yake. Michembe na matobolwa vinashibisha, lakini kwa mfupa vinahitaji kusindikizwa.

Jua la bure

Kalsiamu bila vitamini D ni kama winga anayepiga krosi nzuri na hakuna mshambuliaji ndani ya boksi. Vitamini D ndiyo inayoivusha kalsiamu kutoka utumbo kwenda kwenye damu. Mtoto akiikosa kabisa, mifupa inabaki laini na miguu inapinda, na hapo anapata matege. Mwili huitengeneza wenyewe ngozi inapopigwa na jua.

Mwaka 2012 watafiti kutoka Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi kutwa nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu. Wataalamu wengi huchukulia 50 kuwa inatosha. Ngozi nyeusi inafanya kazi vizuri kabisa, ili mradi ipewe muda wa kutosha nje.

Mwenye duka, mshonaji, mwanafunzi wa bweni, karani na bibi anayefichwa ndani kwa kuhurumiwa, hao ndio walio hatarini hata kama wanaishi hatua chache kutoka ikweta. Mtoe bibi nje asubuhi, mikono na miguu ipate jua. Ni bure na haina foleni.

Jiji la miamba lina ngazi zake

Kupanda mlima kwenda nyumbani Isamilo, Bugando au Kirumba juu kila siku ni mazoezi ambayo watu wa miji ya tambarare wanalipia gym. Lakini ngazi za mawe zilezile zinazomjenga kijana wa miaka 25 zinamuangusha mama wa miaka 70 siku ya mvua.

Mara nyingi mfupa dhaifu hauvunjiki peke yake. Unahitaji kuanguka. Kwa hiyo nusu ya kinga ya mzee ni kuhakikisha haanguki. Weka taa au tochi njia ya chooni. Toa mkeka unaoteleza. Bafuni weka kitu cha kushika. Nunua kandambili zenye meno, achana na zile zilizolika soli. Mpime macho.

Na mfundishe kusimama. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, iliyoanzishwa mwaka 2006 kupunguza majeraha ya wachezaji, ina zoezi la kusimama kwa mguu mmoja. Mzee anaweza kufanya hilohilo akiwa ameshika ukuta, sekunde 10 kila mguu, mara kadhaa kwa siku. Ainuke kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono, mara 10. Misuli ya paja ndiyo beki wa mwisho wa nyonga. Ila yule ambaye tayari ameshavunjika mfupa asiruke wala kuinama na mzigo kabla ya kuonana na mtaalamu wa mazoezi tiba.

Lini uende hospitali

Nenda ukamuone daktari kama umevuka miaka 50 na umevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo. Nenda kama kimo kimepungua sentimita nne au zaidi, au mgongo umeanza kupinda. Nenda kama mama au baba yako alivunjika nyonga, kama hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au kama umetumia vidonge vya steroidi kama prednisolone kwa miezi mitatu au zaidi. Usiache dawa yoyote kwa kuisoma gazetini. Muulize daktari aliyekuandikia.

Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA. Ni picha ya eksirei yenye mionzi kidogo inayopima uzito wa mfupa wa nyonga na mgongo, na hakiumi. Mashine zake si nyingi nchini, lakini daktari hahitaji kuisubiri ili aanze kukusaidia. Historia yako, umri na mfupa uliovunjika vinamwambia mengi. Kwa watu wa Mwanza, pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, na Bugando kwa kesi kubwa za kanda.

Dawa zipo. Zinazotumika sana, kama alendronate, huwafunga kamba wabomoaji ili wajenzi wapumue. Kidonge humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa halali chini kwa angalau nusu saa. Anayevunjika nyonga asilazwe nyumbani akisubiri miujiza. Kila siku anayokaa kitandani inamhesabia.

Kila Oktoba 20 dunia huadhimisha Siku ya Osteoporosisi. Klabu na vikundi vya maveterani wa Kanda ya Ziwa havihitaji mdhamini mkubwa ili kuitumia. Mechi moja ya wazee, mechi moja ya akina mama, uji wa ulezi kwa watoto, na muuguzi mmoja wa kuwapima watu kimo na kuwauliza maswali matano. Dagaa wapo jirani.

Na wewe shabiki usisubiri Oktoba. Jumamosi hii, kabla ya kwenda kwenye kibanda, mchukue mwanao mwende uwanjani mkapige mpira nusu saa juani. Yeye anasajili, wewe unalinda kikosi. Mkirudi, muulize mama yako kama mwaka huu ameanguka mara ngapi. Akikwambia mbili, mechi ya jioni inaweza kusubiri.